Kiti cha Nyuma cha Gari la Kinyozi

Kama umewahi kukaa kwenye kochi la watu ukashindwa kuinuka, ukamdanganya mwenye nyumba kwamba unangoja jua lipungue na huku kumeshakuwa na kivuli tele, basi ujue ulikalia kazi ya Sponji. Wako mafundi wengi wa makochi, sikatai, na wake zao wanawasifu. Lakini Sponji ni habari nyingine. Jina lake la kwenye kitambulisho analijua mkewe, na labda yule mwalimu aliyemfukuza shule. Sisi wengine tunamwita Sponji, na ukimwita vingine hageuki. Ni mfupi, amejaa kidogo kiunoni, na kidole gumba chake kimekuwa kigumu kama kisigino kwa kusukuma sindano ndefu kwenye vitambaa vinene. Akiingia nyumbani kwako hakusalimii mpaka abonyeze kila kiti kilichopo sebuleni. Akishamaliza anakutazama kwa huruma, kama daktari mwenye majibu mabaya, ndipo anasema, "Enhe, habari za hapa?"

Karakana yake iko ubavuni mwa nyumba, chini ya mabati. Ndani kunanuka gundi na vumbi la mbao. Springi zimening'inia misumarini, mirundo ya sponji imefika darini, na pembeni mkewe amekaa na cherehani, maana yeye ndiye anayekata na kushona mifuko ya viti. Kazi haijawahi kuwa tatizo. Tatizo ni kuifikisha. Kwa miaka yote Sponji amekuwa akikodi mkokoteni, na mkokoteni ukishakutana na barabara yenye mashimo, kochi linatoka kwake kama bibi harusi na kufika kwa mteja kama mtu aliyetoka kugombana. Kila siku alikuwa akisema, "Siku nikipata gari lenye keria juu, mtanikoma."

Kwa hiyo Kinyozi alipokuja na habari ya gari, ungetegemea Sponji aruke mpaka agonge bati. Hakuruka. Alipoa kama chai iliyosahauliwa.

Ilikuwa Jumapili alasiri, wakati wao wa kawaida. Kinyozi ni rafiki yake tangu walipokuwa vijana wanalala chumba kimoja na kuvaa kwa zamu suruali moja nzuri. Ni mrefu, mwembamba, na ana kipara kinachong'aa. Ukimuuliza inakuwaje kinyozi hana nywele anakujibu kwamba alianza mafunzo kwa kujinyoa mwenyewe. Walikuwa wamekaa nje ya karakana na vikombe mkononi.

"Sponji, lile gari nataka kuliuza."

"Gari gani?"

"Kwani nina mangapi? Si lile pale!"

Lile pale lilikuwa limesimama chini ya ukuta: gari refu kwa nyuma, rangi ya chai ya maziwa mengi, keria juu ikiwa imenyooka kama imetengenezwa kwa ajili ya makochi tu.

"Sasa, unaliuza kwa nini?" Sponji aliropoka, kisha akatamani kuumeza ulimi.

"Kazi nimeihamishia nyumbani, unajua. Natoka kitandani naingia kwenye mkasi bila hata kuvaa viatu. Gari nipande niende wapi, jikoni? Na shemeji yako pale linapolala anapataka, ajenge banda la kuku." Kinyozi akanywa funda. "Nikasema, kabla sijamwambia mtu baki, nimwambie ndugu yangu kwanza."

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Gari la mtu baki lina taratibu zake. Unalizunguka, unalipiga teke tairi, unakunja uso, unasema, "Mh, hili liliwahi kupinduka." Mwenyewe anaapa kwa wazazi wote wawili. Unamleta makanika wako, anaingia chini, anatoka na sura ya msiba. Mnagombana, mnapatana, mnaachana mkitukanana kimoyomoyo, na kila mtu anaenda kwake amefurahi. Lakini la rafiki? Umuulize lina ubovu gani, maana yake umemwambia usoni kwamba angekuficha. Umlete makanika akalikague, ni sawa na kualikwa chakula ukaenda na mpishi wako.

"Gari zuri," Sponji akasema.

"Ni gari zuri," Kinyozi akajibu.

Wakatazama ndani ya vikombe vyao kama kuna mtu amezama humo.

Kabla ya kuondoka Kinyozi akamwekea funguo mkononi. "Kaa nalo mpaka Jumapili ijayo. Liendeshe utakavyo. Ukilipenda, sawa. Usipolipenda, sawa." Hiyo sawa ya pili ilitoka imekonda.

Siku hiyo Sponji alikula kidogo, jambo lililomtia mkewe wasiwasi kuliko homa.

"Si umuulize tu," mkewe akamwambia.

"Nimuulize nini?"

"Lina ubovu gani. Mdomo umepewa wa nini?"

"Mama watoto, ataona simwamini."

"Haya, usimuulize. Linunue kimya kimya, lizime kwenye wiki ya pili, umnunie, naye akununie. Umemsahau muuza vitambaa na shemeji yake? Waliuziana friji. Friji likafa, na leo hata msibani mmoja anakaa kulia mwingine kushoto."

Sponji hakuwa amemsahau. Friji lile ndilo lililokuwa likimzunguka kichwani. Wateja wa makochi wapo wengi, magari yapo mengi, lakini mtu wa kukaa naye Jumapili, anayekujua tangu enzi za suruali moja, yeye alikuwa naye huyo huyo mmoja. Akilinunua gari likamharibikia, atampoteza. Akikataa, Kinyozi ataona ameonekana tapeli, atampoteza vilevile. Wasomi wana neno refu la hali kama hii. Sisi tunasema amebanwa mlangoni.

Kesho yake alipiga moyo konde, akavaa shati la mikono mirefu, akaketi kwenye usukani. Leseni alikuwa nayo tangu alipokuwa akiendesha lori la fundi aliyemfunza kazi. Gari likawaka kwa jaribio la kwanza. Ah! Hapo Sponji alinyanyuka kimo. Alitoa kiwiko dirishani, akawasalimia watu ambao hajawahi kuwasalimia, akapiga honi kwa mbwa aliyekuwa amelala zake pembeni wala hamzuii mtu. Alifika kona ya duka la dawa akiwa na furaha hiyo hiyo, na hapo ndipo alipoisikia.

Kriii. Kriii. Kriii. Nyuma huko.

Mtu mwenye akili angesimama akachungulia chini ya gari. Lakini mpelekee daktari wa meno goti linalouma, uone kama hatakwambia ufungue mdomo. Sponji katika dunia hii anajua chanzo kimoja tu cha kelele. "Springi ya kiti," akajisemea, na roho ikatulia. Akageuza, akarudi karakana, akakitoa kiti cha nyuma, akakichana mshono.

Alichokikuta humo kilimtusi. Sponji ilikuwa imesagika ikawa unga. Springi mbili zimefungwa kwa waya wa uzio. Na chini kabisa, mtu mmoja mwenye roho mbaya alikuwa amejaza magunia makuukuu na kipande cha zulia.

"Nani amefanya unyama huu?" Sponji akafoka peke yake. Akatia mkono ndani zaidi, akatoa kitana. Akatoa kingine. Akatoa rundo la vitana, vile ambavyo Kinyozi alikuwa akiwasingizia wateja kwamba wanaondoka navyo. Mwishowe akatoa seti ya meno ya bandia, ya juu, yamekamilika.

Alisema atabadilisha springi moja tu. Nataka uelewe kwamba alisema hivyo kwa nia njema kabisa.

Mkewe alipotoka jikoni alikuta viti vyote vya gari viko chini, vimelala matumbo wazi.

"Baba watoto, gari hilo si letu."

"Najua."

"Umelifungua."

"Nimelichungulia."

"Limetoka utumbo lote, wewe unaita kuchungulia?"

Sponji alikuwa na misumari mdomoni. Mkewe akasimama pale mikono kiunoni, akiwa tayari kuendelea na hotuba, lakini jicho lake likaangukia kitambaa ambacho mumewe alikuwa amekichagua. Akakichukua, akakinusa, akakitupa. "Hiki cha kijivu? Unashonea gari au jeneza? Chukua kile cha damu ya mzee. Na uzi uwe mweupe, mshono wa mistari miwili." Akavuta cherehani karibu. Basi wakaangamia wote wawili.

Kuanzia hapo kazi nyingine zote zilisimama. Mkuu wa shule moja aliyekuwa ameagiza makochi akaja, akakuta sponji yake imeingia kwenye gari, akaambiwa arudi baadaye. Alirudi kwake akaendelea kukalia mbao. Sponji alikuwa akifanya kazi huku anaimba. Akikumbuka kwamba hajaamua kama atalinunua gari ama la, anaimba kwa sauti zaidi ili asijisikie. Kiti cha nyuma ndicho alichokipa moyo wake wote: aliweka springi mpya, akatandika sponji ngumu chini na laini juu, akainua mgongo kidogo pale kiuno kinapochoka, akapanga vifungo vilivyovikwa kitambaa kile kile. Alipomaliza alikaa humo kujaribu, na mkewe ikabidi amwamshe.

Jumapili ikafika. Kinyozi alikuja kwa miguu, amevaa kofia, uso wake umejiandaa kwa majibu ya aina yoyote. Alifika karibu na gari akasimama. Akazunguka upande huu. Akazunguka upande ule. Akafungua mlango wa nyuma, akatia kichwa, akakitoa, akaangalia namba za gari.

"Hili ni langu?"

"Nilisikia kelele kidogo," Sponji akasema, akijikuna shingo. "Nikarekebisha springi."

Kinyozi akavua kofia kama anaingia kwa wakwe, akaketi kiti cha nyuma. Kiti kile kikampokea polepole. Mabega yakashuka. Midomo ikaachana. Akafumba macho, akakaa humo muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai.

"Sponji."

"Naam."

"Siuzi."

Mke wa Sponji, aliyekuwa dirishani akisikiliza kila kitu kwa siri isiyo siri, alicheka mpaka akashika ukuta. "Hongera, baba watoto! Umemshonea mwenzio gari bure!"

Sponji alihisi kama kiti kimevutwa chini yake. Wiki nzima alikuwa hajui kama analitaka gari lile. Sasa alijua, na alijua kwa uchungu: alilitaka, keria yake, rangi yake ya chai, na kriii yake.

"Huwezi kuja hapa unauza, halafu huuzi," akalalamika.

"Naweza. Gari ni la nani?"

"Na viti?"

"Viti nani alikutuma?"

Swali zuri. Sponji akaingia karakana, akatoka na mfuko, akamtupia mapajani. "Chukua basi na vitana vyako. Na hayo."

Kinyozi akachungulia mfukoni, akapiga ukelele. "Meno ya mama mkwe! Yule mama alisema nimeyauza! Miaka yote hiyo anamwambia binti yake ameolewa na mwizi. Nani ananunua meno, Sponji? Niambie, soko lake liko wapi?" Akacheka, akafuta macho, kisha akatulia ghafla, akaliangalia paa la gari kutoka ndani. "Nipeleke nyumbani," akasema. "Endesha wewe. Mimi tangu ninunue gari hili ni dereva, huku nyuma nimepakia watu wote isipokuwa mimi."

Sponji akashika usukani amenuna, mdomo umevimba kama mto wa kochi. Wakaenda hivyo mpaka kona ya duka la dawa.

Kriii. Kriii.

Sasa, jambo moja ujue kuhusu kinyozi huyu. Ukikaa naye uso kwa uso ni mtu wa haya, atakusifia hata shati lililochanika. Lakini asimame nyuma ya kichwa chako na mkasi, loh! Hapo atakwambia mwanao anavuta sigara, biashara yako inakufa, na harufu yako si nzuri. Maisha yake yote ukweli ameusema kwa visogo vya watu. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu habari ya gari ianze, mbele yake palikuwa na kisogo cha Sponji.

"Hiyo ni beringi," sauti ikasema kutoka nyuma. "Ya gurudumu la nyuma, kushoto. Inalia tangu mvua za mwaka jana."

Sponji akakaza mikono kwenye usukani. Hakugeuka. Kitu kilimwambia asigeuke.

"Enhe," akasema taratibu.

"Gia ya pili usiilazimishe, ibembeleze. Ukiilazimisha inakususia. Dirisha lako hapo likishuka halipandi mpaka ulisindikize kwa mkono. Rejeta inakunywa maji kama ng'ombe. Boneti unaiona ile sehemu iliyobonyea? Aliipanda mbuzi wa jirani."

"Mbuzi?"

"Mbuzi. Yeye hakuumia. Nikapiga rangi ya kopo, ndiyo maana jua likiwaka inakuwa rangi nyingine. Breki ni nzima, hizo sikufichi, nazitunza, maana anakaa shemeji yako hapo mbele. Injini nzima. Lakini ile honi ikiamua kulia, Sponji, inalia mpaka ichoke yenyewe."

Kwa kila ubovu uliotajwa, Sponji alizidi kupumua. Ilikuwa kama mtu anamshusha mizigo mgongoni, gunia baada ya gunia. Walipofika kwenye mbuzi alikuwa tayari anatetemeka kwa kicheko, na kwenye honi machozi yalikuwa yanamtoka, ikabidi aegeshe gari kando ya barabara.

"Kwa nini hukuniambia Jumapili ile?"

"Hukuniuliza."

"Ningekuulizaje wewe? Ungeona sikuamini."

"Na mimi ningekwambiaje? Nikitaja yote ungesema ninakufukuza, namwekea mtu mwingine. Nikinyamaza, beringi ikufie njiani na makochi ya watu juu, uje uniite mwizi kama mama mkwe." Kinyozi akashusha pumzi. "Nimekuja leo nikakuta na jasho lako umeshalitia humu. Nikaogopa zaidi. Nikasema bora niseme siuzi, yaishe. Gari ni bati tu, Sponji. Lakini Jumapili nitakuwa naenda wapi?"

Wanaume wawili wazima hawakujua pa kuweka macho. Kinyozi akamgonga Sponji kofi jepesi la kisogo. "Na hiki kichwa ukilete kesho. Kimekuwa kama kiota."

Sponji akamtazama kwenye kioo cha juu. "Kuna ubovu mwingine?"

"Buti inafunguka kwa teke."

"Mwingine?"

"Huo ndio wa mwisho. Naapa."

"Basi nalichukua."

"Pamoja na beringi?"

"Pamoja na mbuzi."

Bei waliipanga pale pale kando ya barabara, na ilikuwa ugomvi wa kweli: muuzaji anapunguza kwa sababu ya beringi, mnunuzi anapandisha kwa sababu ya breki, muuzaji anasema viti vyote ni jasho lako sasa utavilipiaje, mnunuzi anasema nyamaza usinidharau. Muuza maji ya baridi aliyekuwa akipita alisimama kuwaamulia, alipoelewa nani anataka nini akaondoka anatikisa kichwa.

Kwa Kinyozi, mkewe alikuwa getini na mafundi wa banda, mbao zimeshashushwa. Alipoona gari linaingia alishika kichwa. "Mmerudi nalo tena! Kuku wangu walale kwenye kiti cha kunyolea?"

"Usinipigie kelele mimi," Kinyozi akamjibu kutoka nyuma, bila kujisumbua kuinuka. "Gari si langu. Mimi ni abiria. Mgombeze mwenyewe." Akamnyooshea mfuko dirishani. "Na haya mpelekee mama, umwambie mwizi anamsalimia."

Walimtoa kwenye kiti kile kwa kumvuta mikono, fundi mmoja wa banda akisaidia.

Sponji alirudi peke yake jua likianza kulegea, dirisha lake limeshuka na amekataa kulipandisha, gia ya pili anaibembeleza kwa maneno matamu ambayo mkewe hajawahi kuyasikia. Kriii, kriii, mpaka kwenye mabati ya karakana. Mkewe alikuwa mlangoni, kanga imefungwa kiunoni, tayari kwa lolote.

"Haya. Vipi?"

"Nimenunua."

"Lina nini?"

"Beringi imekufa, rejeta inavuja, dirisha halipandi, honi ina kichaa, buti inataka teke. Na lilipandwa na mbuzi."

Mkewe akamtazama usoni muda mrefu. Hajawahi kumwona mtu akitaja hasara huku meno yote yako nje. Akaligeukia gari, akafungua mlango wa nyuma, akapitisha kiganja kwenye mshono wake wa mistari miwili kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Ningoje hapo hapo," akasema. "Usizime." Akaingia ndani kuvaa viatu.